Oradour-sur-Glane: wafiwa walioinyima serikali majivu ya wafu wao

Katikati-magharibi ya Ufaransa, kilomita 20 na ushei kutoka mji wa Limoges, yapo mahame ya kijiji yaliyozungushiwa ukuta. Nje ya ukuta kuna kijiji kipya chenye jina lile lile, Oradour-sur-Glane. Karibu na mahame hayo kuna ukumbi uliochimbwa chini ya ardhi kwa fedha za serikali, ukakamilika mwaka 1953. Ulijengwa upokee majivu na mifupa ya watu 642 waliouawa hapo kwa siku moja. Majivu hayo hayakuingia humo hata mara moja. Wafiwa waliyaweka makaburini, chini ya mnara waliousimamisha wenyewe, na ukumbi wa serikali ukakaa mtupu kwa miaka zaidi ya 20.

Tumezoea kinyume chake. Kijiji hupoteza watu vitani, kikasubiri miongo na miongo serikali ilete angalau jiwe lenye majina, na siku ya uzinduzi mgeni rasmi akifika watu hupiga vigelegele. Oradour serikali ilileta mawe, mafundi, nishani, hata rais wa nchi, na bado wafiwa waliifungia mlango. Hawakuwa watu wa vurugu wala hawakukosa shukrani. Walikuwa na hoja, na tena walikuwa na kitu mkononi.

Jumamosi ya tarehe 10 Juni 1944

Siku nne baada ya majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada kutua Normandy, divisheni ya SS, jeshi la chama cha Nazi cha Ujerumani, iitwayo Das Reich, ilikuwa njiani kutoka kusini kwenda vitani kaskazini. Tarehe 9 Juni ilikuwa imewanyonga watu 99 hadharani katika mji wa Tulle, kulipiza mashambulizi ya wapiganaji wa msituni. Kesho yake mchana, kombania moja ya divisheni hiyo iliingia Oradour ikiongozwa na kamanda wa batalioni, Adolf Diekmann.

Kijiji hakikuwa kambi ya wapiganaji. Kilikuwa na maduka, shule, kanisa la mawe na tramu ya kwenda Limoges ambayo reli zake bado zinaonekana barabarani. Wakazi waliambiwa wakusanyike kwenye uwanja wa gulio, eti kuna ukaguzi wa vitambulisho. Walikuja. Walimu walitoka na watoto wa shule wakiwa wamepangwa mistari. Mtoto mmoja tu, Roger Godfrin, aliyekuwa mkimbizi kutoka Lorraine, eneo la mpakani na Ujerumani, na tayari alishajua askari wa Kijerumani wanaweza kufanya nini, alikimbia kupitia bustani akanusurika.

Wanaume waligawanywa makundi sita wakaingizwa kwenye maghala na vibanda. Walipigwa risasi za miguu kwanza, kisha wakafunikwa majani makavu na kuni, moto ukawashwa. Katika ghala moja, la Laudy, watano walitoka wakiwa hai kwa kulala chini ya maiti za wenzao. Wanawake na watoto walifungiwa kanisani. Askari waliingiza sanduku lenye nyuzi za kuwashia, likatoa moshi wa kukaba roho, halafu zikafuata risasi, maguruneti na moto. Marguerite Rouffanche alipanda ngazi ya kuwashia mishumaa iliyokuwa nyuma ya altare, akajirusha dirishani. Mama mwenye mtoto mchanga alimfuata, wote wawili wakauawa. Rouffanche alipigwa risasi akiwa anakimbia, akajificha kwenye matuta ya njegere hadi alipookolewa kesho yake jioni. Mumewe, mtoto wake wa kiume, binti zake wawili na mjukuu wake walikuwa wamekwisha kufa. Katika kanisa zima, ni yeye peke yake aliyetoka hai.

Sasa jambo moja lishikwe vizuri, maana kisa chote kinasimama juu yake. Wauaji waliteketeza miili kwa makusudi ili isitambulike. Wahudumu na vijana wa kujitolea kutoka Limoges walipofika siku zilizofuata, walikuta majivu, mifupa na vipande vya vitu. Miili kama 50 tu ndiyo iliyotambuliwa. Hii maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya familia hazikuwa na maiti ya kuzika. Mtu hakuweza kusema huyu ni wangu, namlaza hapa. Mabaki yalikuwa ya wote kwa pamoja, na kwa hiyo uamuzi wa yatalala wapi ulikuwa wa wote kwa pamoja pia.

Serikali yafika mapema, na vizuri

Si haki kusema serikali ya Ufaransa iliipuuza Oradour. Charles de Gaulle, kiongozi wa serikali ya muda, alifika Machi 1945, kabla hata vita havijaisha, akakubali kwamba magofu yabaki kama yalivyo. Mei 1946 bunge lilipitisha sheria ya kuyahifadhi kama mnara wa kihistoria, yakawa mali ya taifa. Juni 1947 Rais Vincent Auriol aliweka jiwe la msingi la kijiji kipya pembeni yake. Wakati huohuo ukapangwa ukumbi wa chini ya ardhi kwa ajili ya majivu.

Kila kitu kilikwenda kwa makubaliano. Chama cha familia za waliouawa kiliundwa mara tu baada ya vita, na kwa miaka ya mwanzo kilitembea bega kwa bega na maofisa wa Paris. Serikali ilikuwa na haja yake pia. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukaliwaji wa Wajerumani wa miaka minne uliojaa usaliti, na ilihitaji mahali ambapo Wafaransa wote wangeweza kusimama pamoja kama watu waliodhulumiwa. Oradour ilifaa sana, kwa sababu waliokufa hawakuwa wapiganaji wa upande wowote wa kisiasa. Walikuwa wanakijiji, na kati yao walikuwamo wakimbizi Wahispania, Wayahudi waliojificha, pamoja na watu waliofukuzwa au kuhamishwa kutoka Alsace na Lorraine. Kijiji cha Charly huko Lorraine, ambako wengi wa wakimbizi hao walitoka, baadaye kiliongeza jina la Oradour kwenye jina lake.

Kuishi kwenye kumbukumbu ni kazi nyingine kabisa, na hapa napenda kukaa kidogo. Waliobaki waliishi kwanza kwenye mabanda ya mbao, kisha wakahamia nyumba mpya za mawe. Kijiji kipya kilikuwa na barabara pana, maji na umeme, lakini kilikuwa kijiji cha matanga. Dansi hazikupigwa. Harusi zilifanywa kimya au mahali pengine. Watoto waliozaliwa baada ya vita walikua wakipita kila siku kando ya ukuta wa mahame, wakivalishwa msiba wa kaka na dada ambao hawakuwaona. Hali hiyo ilidumu hadi miaka ya 1960. Hakuna sheria iliyoamuru hivyo. Wafiwa wenyewe ndio waliojiwekea, na vijana waliolelewa humo baadaye walisimulia jinsi ilivyokuwa vigumu kucheka barabarani.

Kwa nini walishikilia matanga namna hiyo? Mimi naona jibu lipo mahakamani. Matanga huanuliwa baada ya mambo ya marehemu kumalizwa, na jambo kubwa la marehemu hawa lilikuwa bado. Hakuna aliyekuwa amehukumiwa.

Kesi ya Bordeaux

Diekmann alikufa vitani Normandy wiki chache baada ya mauaji. Jenerali Heinz Lammerding, aliyeiongoza divisheni nzima, alihukumiwa kifo Ufaransa mwaka 1951 kwa mauaji ya Tulle bila yeye kuwepo. Alikuwa Ujerumani Magharibi, anaendesha kampuni ya ujenzi, na hakuwahi kukabidhiwa kwa Ufaransa. Alifariki mwaka 1971 akiwa mtu huru.

Waliofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Bordeaux tarehe 12 Januari 1953 walikuwa 21, wote wa vyeo vya chini. Wajerumani 7. Waliosalia 14 walikuwa raia wa Ufaransa kutoka Alsace.

Hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu kweli, na mchambuzi anayewapa Waalsace mstari mmoja tu hajakifahamu. Ujerumani ilipoishinda Ufaransa mwaka 1940 iliimeza Alsace moja kwa moja kama sehemu yake. Agosti 1942 iliamuru vijana wa huko waingie jeshini. Aliyekataa au kutoroka, familia yake ilikamatwa na kuhamishwa. Waliochukuliwa kwa njia hiyo walikuwa kama 100,000 kutoka Alsace na 30,000 kutoka eneo jirani la Moselle, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakifia mbele ya Warusi au katika kambi za wafungwa za Kisovieti. Wafaransa huwaita malgré-nous, yaani bila hiari yetu. Kati ya wale 14 wa Bordeaux, 13 walikuwa wa kundi hilo, baadhi yao wakiwa vijana wa miaka 18 hivi siku ya mauaji. Mmoja tu, Georg René Boos, alikuwa amejiunga na SS kwa hiari yake.

Kwa hiyo kulikuwa na wafiwa pande zote mbili. Limousin, mkoa wa Oradour, iliwaona watu walioshika bunduki mlangoni mwa kanisa. Alsace iliwaona watoto wake waliochukuliwa kwa nguvu na ambao sasa nchi yao wenyewe inawaweka benchi moja na waliowachukua.

Anayetaka kuielewa Alsace aende Strasbourg, kwenye uwanja unaoitwa Place de la République, aangalie mnara wa askari uliozinduliwa mwaka 1936. Mchongaji wake ni Léon-Ernest Drivier. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina mnara wa vita vya 1914 hadi 1918 wenye askari aliyevaa koti la Kifaransa na maneno ya kwamba hawa wamekufa kwa ajili ya Ufaransa. Strasbourg haikuweza kuandika hivyo, maana wakati wa vita vile Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani na vijana wake wengi walikufa wakiwa na sare ya Kaisari. Drivier alichonga mama aliyekaa, amewabeba mapajani wanawe wawili wanaokufa. Wote wawili wako uchi. Hawana kofia, hawana vifungo, hawana kitu cha kuonyesha nani alipigana upande gani. Wameshikana mikono. Maandishi ni mafupi: kwa wafu wetu. Naihesabu kazi hii miongoni mwa minara ya askari yenye ukweli mwingi kuliko yote Ulaya, kwa sababu imekataa kudanganya kuhusu sare.

Februari 1953, hukumu ya Bordeaux ilipotoka, mnara huo ulifunikwa kitambaa cheusi. Mameya wa Alsace waliandamana kimyakimya mbele yake.

Hukumu yenyewe ilitolewa usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari. Watu wawili walihukumiwa kifo, Mjerumani mmoja na Boos. Mjerumani mmoja aliachiwa. Waliobaki walipewa vifungo, vingine na kazi ngumu. Limousin ilisema adhabu ni ndogo mno kwa roho 642. Alsace ilisema hata siku moja ya kifungo ni dhuluma. Serikali iliyotaka kumridhisha kila mtu ikawa haikumridhisha yeyote, lakini kati ya pande mbili ilimwogopa mmoja zaidi. Alsace ilikuwa eneo kubwa la mpakani lililomezwa na Ujerumani mara mbili ndani ya miaka 70. Oradour ilikuwa kijiji.

Bunge lilikutana haraka. Tarehe 19 Februari, siku sita baada ya hukumu, wabunge 319 walipiga kura ya kuwasamehe wote walioandikishwa kwa nguvu, 211 wakapinga. Siku mbili baadaye wale 13 walikuwa nyumbani kwao. Wafungwa wa Kijerumani nao waliachiwa baadaye, na adhabu za kifo hazikutekelezwa. Kabla ya mwaka 1960 hakukuwa na hata mmoja aliyebaki gerezani kwa ajili ya Oradour.

Jibu la kijiji

Wengi wangetarajia maandamano, na maandamano yalikuwepo. Lakini jibu hasa la Oradour lilikuwa baridi na la mpangilio, na ndilo linalokifanya kisa hiki kiwe cha kujifunzia.

Nishani zilirudishwa, ikiwamo Croix de Guerre iliyotunukiwa kijiji. Wawakilishi wa serikali walipigwa marufuku kwenye maadhimisho ya kila tarehe 10 Juni. Kwenye lango la mahame, yaani kwenye mali ya taifa lenyewe, yalitundikwa mabango yenye majina ya wabunge 319 waliopitisha msamaha, ili kila mgeni anayekuja kuwalilia wafu ayasome kwanza. Mabango hayo yalikaa hapo kwa miaka zaidi ya kumi.

Halafu likaja la majivu. Ukumbi wa serikali ulikuwa tayari. Chama cha familia kilikataa. Kilichangisha na kujenga kaburi la pamoja lenye mnara mrefu ndani ya makaburi ya kijiji, na Juni 1953 mabaki yakawekwa hapo. Mbele ya mnara kuna masanduku mawili yenye vioo ambamo sehemu ya mifupa na majivu huonekana kwa macho. Wageni wengi hushtuka. Wafiwa walitaka washtuke.

Nguvu ya kufanya hivyo walipata wapi? Tazama umiliki. Magofu yalikuwa ya taifa kwa sheria ya 1946. Kijiji kipya kilijengwa kwa fedha za taifa. Ukumbi ulikuwa wa taifa. Ila makaburi, kwa sheria ya Ufaransa, ni mali ya halmashauri ya kijiji, na makaburi ya Oradour hayakuchomwa. Yaliendelea kutumika kabla ya mauaji na baada yake. Wanakijiji walikuwa na kipande hicho kimoja cha ardhi ambacho waziri hakuweza kukiamulia, nao walikuwa na majivu yaliyokuwa ya familia zote pamoja. Laiti kila familia ingekuwa na maiti yake, serikali ingeweza kuzungumza nao mmoja mmoja, wengine wangekubali na wengine kukataa, na ukumbi ungepata wakazi. Muuaji alipowachanganya wafu kwa moto, bila kujua aliwafanya wafiwa kuwa kitu kimoja.

Wapo wanaosema Wakomunisti, waliokuwa na nguvu Limousin na waliopinga msamaha bungeni, ndio waliochochea. Chama hicho kilijinufaisha, hilo halina ubishi, hasa katika miaka ile ya mabishano kuhusu kuipa Ujerumani Magharibi jeshi tena. Lakini chama cha siasa hakiwezi kumfanya mama aliyempoteza mwanawe kanisani akae na kitambaa cheusi miaka 15.

Kosa la serikali, kwa maoni yangu, halikuwa msamaha wenyewe. Mtu mwenye akili anaweza kuutetea: kijana aliyetishiwa kwamba wazazi wake watapelekwa kambini hapimwi kwa kipimo cha aliyejitolea. Kosa lilikuwa kwenye namna na kasi. Wafiwa wa Oradour walisubiri kesi karibu miaka tisa, wakaenda Bordeaux kutoa ushahidi, Rouffanche akasimulia tena mbele ya watu waliokuwepo siku ile, kisha hukumu ikafutwa ndani ya wiki moja na watu ambao hawakuja hata kuwaeleza kwa nini. Halafu dola hiyohiyo ikatarajia Juni, miezi minne baadaye, wafiwa wakabidhi majivu kwa heshima na muziki wa bendi. Palikosekana hata mtu mmoja wa serikali wa kwenda kukaa nao mkekani kabla ya kura.

Miaka iliyofuata

Ukumbi ulipata kazi mwaka 1974. Haukupewa majivu. Uliwekwa vitu vilivyookotwa kwenye magofu: saa, miwani, visu vya mfukoni, vitu vidogo vya watu waliotoka nyumbani wakidhani watarudi baada ya ukaguzi wa vitambulisho. Huo ulikuwa mwanzo wa kulegea. Kijiji hakikusema kimesamehe, na serikali haikusema imekosa. Kila mmoja alisogea kidogo.

Na Alsace ilichukua muda zaidi. Meya wa Strasbourg, Roland Ries, alikuja Oradour mwaka 1998. Mwaka uliofuata Rais Jacques Chirac alifungua kituo cha kumbukumbu chenye maonyesho kuhusu mauaji, vita na pia suala la walioandikishwa kwa nguvu. Hata hivyo mgogoro haukufa. Robert Hébras, mmoja wa wale watano wa ghala la Laudy, ambaye mama yake na dada zake wawili waliuawa, alishtakiwa na vyama vya malgré-nous kwa sababu ya maneno ya kitabu chake yaliyotilia shaka kama vijana wale wote walilazimishwa. Alishindwa kwenye rufaa huko Colmar, kisha mwaka 2013 mahakama ya juu ya Ufaransa ikampa haki. Mzee wa miaka 88 alikuwa bado anapelekwa mahakamani kuhusu Juni 1944.

Mwaka huohuo wa 2013, Hébras alishikana mikono ndani ya magofu na Joachim Gauck, rais wa kwanza wa Ujerumani kufika hapo, pamoja na François Hollande. Agosti 2020 ukuta wa kituo cha kumbukumbu ulikutwa umepakwa maneno ya kuwaita wanakijiji waongo. Hébras alifariki Februari 2023, na pamoja naye walikwisha wote waliotoka hai kwenye moto ule.

Juni 2024, miaka 80 baada ya mauaji, rais mwingine wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Oradour na Emmanuel Macron akazungumzia aibu ya kwamba wauaji hawakuadhibiwa. Wasomaji wa Tanzania wanamkumbuka. Novemba 2023 mtu huyohuyo alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akiomba radhi kwa wazao wa walionyongwa mwaka 1906, na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la nduna Songea Mbano linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Ukiziweka ziara hizo mbili pamoja utaona tofauti isiyohusu ukubwa wa ukatili. Wafiwa wa Oradour walikuwa na mabaki ya wafu wao mikononi, wakaweza kuinyima serikali. Familia ya Mbano inaomba mabaki yenyewe kutoka kwa walioyachukua. Hawana cha kunyima.

Orodha na kuta

Mambo mawili bado yanaendelea. La kwanza ni hesabu. Kwa miongo saba na zaidi kila hotuba ilitaja 642. Kisha mtafiti kutoka Catalonia, David Ferrer Revull, aliyekuwa akifuatilia wakimbizi Wahispania waliouawa Oradour, alimkuta mwanamke mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha, Ramona Domínguez Gil. Sasa wanahesabiwa 643. Hili halinishangazi. Mkimbizi hana ndugu wa kwenda ofisini kusema jina limesahaulika, na orodha za minara ya vita mara nyingi hutengenezwa na waliobaki kwa ajili ya wanaowajua. Anayeandaa orodha kama hiyo angeanza na wageni, wapangaji na vibarua, kwa sababu wenyeji watatajwa hata asipouliza.

La pili ni mawe. Nyumba iliyochomwa haikujengwa isimame bila paa kwa miaka 80. Mvua inaingia kwenye kuta, chokaa inabomoka, magari na cherehani zinaliwa na kutu, na kila msimu wa baridi unaondoka na kipande. Mafundi wa serikali huimarisha kuta, lakini ukiimarisha mno gofu linageuka ukuta mpya, na usipoimarisha linaanguka juu ya wageni. Wakati waokokaji walikuwa hai, mtu angeweza kumuuliza Hébras kama dirisha lile lilikuwa hivyo. Sasa wanaulizwa watoto na wajukuu, ambao wameijua Oradour ya zamani ikiwa tayari gofu, na kwao hata kutu ni sehemu ya kijiji. Wasanifu wa serikali wanataka kusimamisha uharibifu.